Saa ya Mapumziko

Simu ilinikuta nimetoka zamu ya usiku, sijavua hata viatu. Mkurugenzi wa kambi alizungumza kwa upole mwingi, na upole huo ndio ulionitia hofu. Mwanangu ni mzima, alisema, amekula, amekaa na muuguzi wao. Ila jana yake walimtafuta kwa muda wa karibu saa mbili. Walimkuta ufukweni mwa ziwa, chini ya mtumbwi uliopinduliwa, amejikunja na kuziba masikio. Alikuwa ametoka bwenini wakati wa mapumziko ya mchana bila mtu kumwona. Ilikuwa siku ya tisa kati ya 21 tulizolipia. Waliona ni heri tuje tumchukue.

Ilikuwa kambi ya Kiyahudi ya kiangazi, ambako watoto hulala wiki kadhaa shule zikifungwa, kwenye milima ya Pocono, Pennsylvania, nasi tunaishi New Jersey. Njia nzima hakufungua mdomo. Baba yake aliendesha, mimi nikakaa naye nyuma nimemshika mkono, naye akauacha tu mkononi mwangu. Tulipovuka mto Delaware ndipo aliposema, bila kunitazama, "Mama, sikujua nikae wapi."

Alikuwa na miaka 12. Nilidhani anazungumzia mtumbwi, kwamba alikosa pa kujificha. Ilinichukua zaidi ya mwaka mzima kuelewa alichoniambia.

Nieleze kwanza hali yake, kwa sababu ukimwona hutajua. Ni kijana mrefu, mabega mapana, anaogelea vizuri kuliko watoto wengi wa rika lake. Ana ADHD, ile hali ya ubongo kushindwa kutulia na kushika jambo moja, na pia anachelewa kuchakata maneno anayoyasikia. Ukimpa maagizo matatu kwa mpigo atashika la mwisho. Kusoma kwake kuko nyuma ya wenzake kwa miaka miwili au mitatu. Shule ya umma inampa msaada kwa mpango wa maandishi unaojulikana kwa herufi IEP, ambao sheria ya Marekani inamhakikishia kila mtoto anayestahili. Katika makaratasi yote hayo hali yake imeandikwa kuwa ni nyepesi. Neno hilo limetugharimu. Mtoto mwenye ulemavu unaoonekana watu humpisha njia. Wangu wanamwona kijana mzima asiyetaka kusikia.

Mama yangu, aliye Eldoret, hakukubali hata siku moja kwamba kuna tatizo. "Huyo mtoto hana shida, mwanangu. Anakawia tu, kama mjomba wako." Na kweli, mjomba, ndugu yake wa mwisho, alikuwa hivyo hivyo. Nyumbani alikuwa na kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, na hakuna mgeni aliyekikalia. Aliwajua ng'ombe wetu mmoja mmoja, nani ana maziwa mengi, nani anapiga teke. Jioni akiketi pale, alikuwa ameketi kwake. Sisemi maisha yake yalikuwa rahisi. Shuleni alichapwa kwa kosa la kutojibu upesi mpaka akaacha masomo darasa la nne. Lakini sikumbuki siku aliyosimama katikati ya ua bila kujua aende wapi.

Kosa la kiangazi kile lilianza kwangu, kwenye fomu. Kulikuwa na sehemu iliyouliza kama kuna jambo lolote kuhusu mtoto ambalo walezi wa kambi wanapaswa kulijua. Nakumbuka nilikaa nayo saa tisa usiku, kwenye mapumziko yangu ya kazi, wagonjwa wamelala. Niliandika: "Anapenda sana kuogelea." Basi. Niliogopa kwamba nikisema kweli watamkataa, na niliogopa kitu kingine pia: kwamba atakuwa mtoto mweusi pekee bwenini, na sasa nimwongezee alama ya pili kabla hajafika. Hata dawa zake niliziandika bila kueleza ni za nini. Mimi ni muuguzi. Kama mwenzangu angenikabidhi mgonjwa kwa taarifa ya namna ile, ningekataa kuipokea zamu.

Jambo jingine ni kwamba nililelewa na shule ya bweni. Nilipelekwa kidato cha kwanza na sanduku la bati, godoro na orodha ndefu ya vitu vya kununua, nikalia wiki mbili, nikazoea. Niliamini mtoto huzoea. Nilichokisahau ni kwamba bweni la kwetu halikuwa na dakika tupu. Kengele ilitupangia kila kitu. Kitanda kilikuwa na jina lako, kiti cha bwaloni kilikuwa chako mpaka muhula uishe, hata kazi ya usafi ya Jumamosi ilibandikwa ukutani na jina lako mbele yake. Kambi ya Marekani ni kinyume chake. Asubuhi kuna ratiba, kuogelea, michezo, ufinyanzi, na humo mwanangu hakuwa na shida. Halafu baada ya chakula cha mchana kunakuja saa moja ambayo haina kazi wala mwalimu. Wavulana kumi wanarudi bwenini, wengine wanarukia kitanda cha rafiki, wengine wanaanza utani ambao ulianza jana usiku, na kila mmoja anajua pa kwenda bila kuambiwa. Yeye alikuwa anafika wa mwisho, anasimama mlangoni.

Hapo ndipo alipokuwa hajui akae wapi.

Watu wengi waliniuliza, nyumbani Kenya na hapa pia, kwa nini nilishikilia kwamba lazima iwe kambi ya Kiyahudi. Mume wangu ni Myahudi wa New Jersey, nami niliingia dini yao kabla ya ndoa, kwa rabi wa tawi la Conservative, moja ya matawi ya dini ya Kiyahudi, nikasoma mwaka mzima na kuzama kwenye maji ya mikve, bwawa lao la utakaso. Baba mkwe wangu, siku ya kwanza niliyoketi mezani kwake, aliuliza kwetu ni wapi. Nilipojibu Eldoret, wilaya ya Uasin Gishu, aliweka kijiko chini. Akanisimulia jinsi Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, mwaka 1903 alivyompa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliowatafutia Wayahudi nchi yao, wazo la kuwapa Wayahudi makazi kwenye nyanda zile zile, mpango ambao watu waliuita wa Uganda, na jinsi mkutano mkuu wa Wazayuni ulivyoukataa mwaka 1905. Nilikuwa sijawahi kusikia. Aliendelea kunitazama jioni nzima kama jirani aliyepotea njia akafika.

Kwa hiyo dini yetu nyumbani ni ya kweli, si ya kupamba. Ila sababu kubwa ya kutaka kambi hii ni mwanangu mwenyewe. Kusoma kunamshinda, lakini wimbo akiusikia mara mbili ni wake. Kwa bar mitzva yake, sherehe ya kijana wa Kiyahudi kuingia utu uzima wa dini, akiwa na miaka 13, alijifunza fungu lake lote la Torati kwa kusikiliza sauti aliyorekodiwa na mwimbishaji wa sinagogi. Alisimama mbele ya watu akaimba bila kukosea, na nyanya yake aliitazama kwa simu kule Eldoret akipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Siku ya kambi ya Kiyahudi imejaa nyimbo hizo hizo kwa mpangilio ule ule: sala ya asubuhi, baraka ndefu baada ya chakula huku meza zikipigwa, Ijumaa jioni kila mtu amevaa nyeupe kupokea Sabato, Jumamosi usiku mshumaa uliosukwa wa Havdala, ibada ya kuiaga Sabato, na manukato yanayopitishwa mkono kwa mkono. Mtoto ambaye mpangilio ndio unamshikilia asianguke hawezi kupata mahali panapomfaa zaidi. Hapo angekuwa miongoni mwa wanaojua.

Kiangazi kilichofuata hatukumpeleka popote. Baridi ya mwaka wa pili ndipo tulipoanza kutafuta kwa akili.

Nilijifunza mengi kwa muda mfupi. Kwamba mwaka 1970 walimu wawili wa elimu maalum, mume na mke, Herb na Barbara Greenberg, walizunguka wakikataliwa mpaka wakapata kambi moja ya Ramah, pale Glen Spey, New York, iliyokubali kupokea vijana wenye ulemavu. Ramah ni mtandao wa kambi za tawi letu la Conservative, ulioanza Wisconsin mwaka 1947. Hofu iliyowapinga ilikuwa kwamba wazazi wa watoto wengine watawaondoa watoto wao. Programu ile waliiita Tikvah, maana yake tumaini, ikahamia Palmer, Massachusetts, na baadaye kambi nyingine zikafuata mfano wake. Nilimsomea mume wangu habari hiyo mezani, nikashindwa kuimaliza. Yote tunayoyatafuta leo yana mizizi kwa watu wawili waliokubali kuambiwa hapana mara nyingi.

Kwa upande wa Wayahudi wa Kiorthodoksi, wale wanaoshika sheria za dini kwa ukali zaidi, kuna Yachad, iliyoanza mwaka 1983, inayowaweka vijana wenye mahitaji maalum ndani ya kambi za kawaida. Sisi si Waorthodoksi, na uongofu wangu ulifanywa na rabi wa tawi jingine, ambao wao kwa kawaida hawautambui, nao huhesabu Uyahudi wa mtoto kwa mama yake, kwa hiyo tuliona tuangalie kwingine, mtoto asije akaulizwa swali juu ya mama yake akiwa mbali nasi.

Shida yetu ilijitokeza haraka. Nilizungumza na mratibu wa programu moja iliyoundwa kwa vijana wenye ulemavu mkubwa zaidi, wenye bweni lao na ratiba yao. Alinisikiliza nusu saa, akasema kwa uungwana kwamba mwanangu angechoka kwao, kwamba ndani ya siku mbili angeanza kuuliza kwa nini hakai na wale wengine. Alikuwa amesema kweli. Nikapigia kambi za kawaida. Moja iliandika kwa herufi kubwa kwamba kila mtoto anakaribishwa. Nilipoanza kueleza, sauti ya upande wa pili ilibadilika. "Anaweza kufuata maelekezo peke yake?" Nikasema wakati mwingine. Kimya. Halafu nikaambiwa nafasi za rika lake zimejaa, wakati dakika tano kabla zilikuwepo.

Hapo niligundua jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu inavibana viwanja, hoteli, maduka na kambi za kawaida, lakini inayasamehe mashirika ya kidini. Kambi inayoendeshwa na shirika la dini inaweza kukukatalia mtoto na sheria hiyo isiwe na la kusema. Iliniuma. Lakini ilinisaidia pia, kwa sababu niliacha kuzungumza kama mtu anayedai, nikaanza kuwasikiliza ni nani anayetaka kweli.

Mtoto wa katikati hana mlango wenye jina lake. Huku ni mzima mno, kule ni mzito mno. Nilikuwa nikimaliza kila simu nikiwa na daftari lililojaa majibu mazuri ambayo hayanisaidii: mlezi mmoja kwa watoto wangapi, mafunzo ya walezi ni siku ngapi kabla ya msimu. Maswali hayo kila kambi ina majibu yake tayari. Walezi wenyewe ni vijana wa miaka 18, 19, wanatoka shule ya upili juzi. Ukiambiwa wamefunzwa wiki nzima, katika wiki hiyo wamefundishwa pia moto, ziwa, mzio wa karanga na nyimbo.

Usiku mmoja kazini, nikipima shinikizo la damu la mzee mmoja, maneno ya mtoto yalinirudia ghafla. Sikujua nikae wapi. Nikamaliza, nikaenda kuandika kwenye kiganja cha mkono wangu: mapumziko.

Tangu siku ile niliuliza swali moja kabla ya mengine yote. "Nielezee saa moja baada ya chakula cha mchana. Mtoto wangu anatoka bwaloni. Halafu?" Ungeshangaa watu wanavyojikwaa hapo. Mmoja alisema, "Ah, wanapumzika tu." Mwingine alisema walezi nao huwa wanapumzika saa hiyo, akasema hivyo bila kusikia alichokisema.

Mwanamke wa kambi ya sita au ya saba hakujikwaa. Wakati wa mwaka wa shule ni mwalimu wa elimu maalum, kiangazi anasimamia ujumuishaji kambini, yaani kuwaweka watoto wenye mahitaji maalum pamoja na wengine. Alisema saa hiyo wanaiita menucha, kwa Kiebrania, na kwamba ndiyo anayoihofia kuliko ziwa. Akaanza kunihesabia. Kutoka bwaloni mpaka bwenini ni dakika kumi, na watoto wa aina ya mwanangu huachwa nyuma, kwa hiyo mlezi mmoja hutembea na wa mwisho. Kabla ya kuinuka mezani bweni zima huambiwa mambo matatu ya kuchagua: meza ya karata, kiti cha barazani na kitabu au muziki, au kwenda na mlezi chumba cha sanaa. Kila mtoto anataja lake kwa sauti. Hivyo anapofika mlangoni anajua tayari anakwenda kona gani. Na bweni lenye mtoto anayehitaji msaada linaongezewa mlezi mmoja, ambaye hatangazwi kuwa ni wa mtoto fulani. Ni wa bweni.

Niliweka simu chini nikalia jikoni. Kisha nikaipiga tena, kwa sababu sikuwa nimeuliza bei.

Swali jingine ambalo naliona lina uzito: watoto wangapi kama wangu waliokuja mwaka juzi walirudi mwaka jana? Kambi inayojua jibu inawajua watoto. Na nikauliza waziwazi kuhusu rangi yake. Hakuzungukazunguka. Alisema watoto weusi ni wachache, akanitajia idadi yao, akasema waliwahi kuwa na mlezi kijana kutoka Abayudaya wa Mbale, ile jumuiya ya Wayahudi wa Uganda iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, na kwamba nyimbo alizowafundisha bado zinaimbwa bwaloni. Mwanangu aliposikia hilo aliuliza kama mtu huyo anajua Kiswahili.

Safari hii fomu ya kambi hiyo niliijaza kama taarifa ya kukabidhi zamu. Ukurasa mmoja tu, kwa sababu kijana wa miaka 19 hatasoma kurasa nane za mwanasaikolojia wa shule. Niliandika: Akinyamaza baada ya swali, hesabu moyoni mpaka kumi. Ukirudia mapema, anaanza upya. Akisema "sawa" haraka, hajasikia. Akivuta kofia ya sweta mpaka machoni, una dakika tano za kumtoa mahali hapo. Usimuulize mbele ya wenzake kama amemeza dawa. Mpe nafasi ya kuanzisha wimbo.

Halafu nikampa mwenyewe asome. Nilisita sana kufanya hivyo, na nafurahi nilifanya. Alichukua kama nusu saa. Alifuta mstari mmoja, ule uliosema anaogopa giza, akaandika juu yake kwa kalamu ya bluu: "Nataka kitanda cha karibu na mlango." Nilikuwa nimeandika hofu yake. Yeye aliandika anachohitaji. Yule mwanamke, mratibu wa ujumuishaji, alipompigia kwa video alimuuliza kama anataka wenzake waambiwe chochote. Akasema hapana. Akaheshimiwa. Kisha akamuuliza: "Unajua kitu gani ambacho unaweza kuwafundisha wenzako?" Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Alikaa kimya, mratibu naye akahesabu, nilimwona midomo ikicheza. "Kadi," akasema mwanangu.

Kadi ni ule mchezo wetu wa karata wa Kenya. Nilimfundisha akiwa na miaka saba, kwa sababu sheria zake hazibadiliki na kila karata ina kazi yake: hii inamruka mtu, hii inarudisha mzunguko, hii inamfanya mwenzako aokote mbili. Na kabla hujamaliza lazima utangaze, "Niko kadi." Usipotangaza, humalizi. Kwenye mchezo huo yeye hakawii. Mratibu alimwomba amtumie sheria, naye akarekodi sauti ya dakika sita.

Fedha nitazitaja kwa ufupi, ingawa zilitunyima usingizi. Wiki nne ziligharimu zaidi ya dola 6,000. Kuna ruzuku iitwayo One Happy Camper, ya taasisi ya Foundation for Jewish Camp, inayofika dola 1,000 kwa mtoto anayekwenda kambi ya Kiyahudi kwa mara ya kwanza, lakini sisi tulikuwa tumeshaitumia kwenye zile siku tisa. Kama ningeandika ukweli kwenye fomu ya kwanza, huenda fedha hiyo isingepotea. Sinagogi lilitusaidia, kambi ikapunguza, nami nikachukua zamu za Jumapili. Kama unatafuta, omba msaada mapema, Oktoba au Novemba, kabla mfuko haujakauka.

Na dawa. Wazazi wengi huwapumzisha watoto dawa za ADHD kiangazi. Nawaelewa. Lakini zungumza na daktari wake kwanza, na usimwachishe wiki ile ile anayoingia mahali pageni, kitanda kigeni, sauti ngeni.

Usidhani kila kitu kilinyooka. Tulikubaliana kwamba siku ya tatu watatupigia hata kama hakuna habari, na simu ilipolia mikono ilinitetemeka ingawa niliingoja. Habari ilikuwa kwamba amekula na amelala. Wiki ya pili kulikuwa na radi usiku, na asubuhi yake mvulana mmoja alimwita neno ambalo sitaliandika hapa, si la rangi, la akili. Alivuta kofia machoni. Mlezi wa ziada alimtoa kabla dakika tano hazijaisha, wakaenda kukaa ofisini kwa mratibu, akalala kwenye kochi mpaka mchana. Jioni yule mvulana alikuja na mlezi wake kuomba radhi. Waliniambia yote siku hiyo hiyo, kuanzia neno lenyewe. Barua yake iliyofika baadaye haikulitaja. Ilikuwa na mistari mitatu: chakula kizuri, maji baridi, tuma karata nyingine hizi zimelowa.

Siku ya wazazi kutembelea tuliendesha kwa saa tatu na nusu. Alitukimbilia, amekuwa mweusi zaidi kwa jua, magoti yamechubuka. Alitutembeza kila mahali, hatua mbili mbele yetu, akatuonyesha kitanda chake karibu na mlango na ubao mdogo wenye jina lake kwa Kiebrania. Siku hiyo hakuna menucha rasmi, kwa ajili ya wageni. Lakini tulipomaliza kula, kabla baba yake hajafungua pipa la barafu la matunda, alitazama saa akasema anakwenda bwenini. Hakusema kama mtu anayeomba.

Tulimfuata polepole. Nilisimama nje ya wavu wa mlango. Wavulana sita walikuwa wameketi sakafuni kwa duara, karata katikati, wengine wazazi wao wamesimama nyuma wakingoja. Mmoja mwenye nywele nyekundu, wa Connecticut, alitupa karata yake na kupiga kelele, "Niko kadi!" Mwanangu akamkatalia papo hapo, kwamba ametangaza kwa kuchelewa, na wote wakakubali kwa sababu yeye ndiye anayejua sheria.

Aliinua macho akaniona. Akasogea kidogo kushoto, akamsukuma jirani yake kwa bega, akagonga sakafu kwa kiganja.

"Mama, kaa hapa. Utacheza baada yake."